Nasaha kwa Wenye Kuzeeka: Andika Ungali na Akili Yako

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetutoa katika unyonge wa uchanga akatuvika nguvu za ujana, kisha akaturudisha katika unyonge wa uzee ili tujue ya kuwa nguvu ni zake peke yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu Waislamu, mwanadamu hujiwekea akiba ya chakula kwa masika, na wengine hujiwekea sanda kwa mauti. Walakini siku zilizo baina ya nguvu na mauti wengi wetu hatuziwekei kitu. Na siku hizo huenda zikawa miaka kumi au zaidi. Mwenyezi Mungu ametupa khabari katika Sura ya An-Nahl, aya ya 70, ya kuwa wako miongoni mwetu watakaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, hata mtu asijue kitu baada ya kuwa alijua. Aliyepewa khabari hii mapema hana udhuru wa kusema kwamba uzee ulimjia ghafla.

Basi neno letu katika waraka huu ni moja: mzee na apange mambo ya mali yake na ya kutunzwa kwake angali na akili timamu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi.

Natutwae mfano wa Mgeta, huko juu katika milima ya Uluguru. Watu wa pwani waijua nchi ile kwa kabichi, karoti, njegere na viazi viteremshwavyo kwa malori hata Morogoro na Dar es Salaam. Mtu wa pwani apandaye kule kwa biashara, akaoa, akakaa hata akazeeka, hukuta dasturi isiyokuwa ya kwao. Waluguru huhesabu nasaba kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamake; ardhi ni ya ukoo; na kwa dasturi hiyo mali ya mtu hurudi kwa ndugu zake wa tumbo moja na kwa wapwa wake. Sharia yetu, nayo, imewapa wana na mke na wazazi mafungu yao katika Sura ya An-Nisaa, aya za 11 na 12.

Tuseme yuko Mwislamu mzee wa Kiluguru pale Mgeta. Wanawe wamehamia Dar es Salaam. Mpwa wake, mwana wa dada yake, ndiye amkorogeaye uji, amfuliaye nguo, na amchukuaye zahanati. Mzee hakuandika neno. Siku ya matanga wapwa wasema: mali hii ni ya ukoo. Wana wasema: mali hii ni ya baba yetu. Na mjane ameketi pembeni, hapana amwulizaye hali. Kila upande una hoja, kwa sababu aliyejua lipi ni la ukoo na lipi ni lake alikuwa mtu mmoja, naye amekwisha zikwa.

Lau angaliandika, angaliandika nini? Sikilizeni.

Kwanza, atenge kilicho milki yake na kisicho milki yake, kwani mtu hausii asichokimiliki. Shamba alilopewa na ukoo alime tu, si lake kuligawa. Nyumba aliyojenga kwa jasho lake, mbuzi wake, fedha zake, na shamba alilolinunua, hivyo ni vyake. Na shamba lake aliandikishe: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mtu njia ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji chake. Na sheria hiyohiyo imeibatilisha dasturi yo yote imnyimayo mwanamke, au mtoto, au mwenye ulemavu, haki ya ardhi.

Pili, aandike madeni, anayodai na anayodaiwa. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara imetuamrisha kuyaandika, na mirathi haigawanywi ila baada ya deni. Wala asisahau mahari ya mkewe ikiwa hajayalipa, maana hayo ni deni kama deni la dukani. Aandike pia fedha zilizomo benki na katika simu, ili zisipotee kwa kukosa ajuaye kwamba ziko.

Tatu, aandike wasia. Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha ya kuwa haimfalii Mwislamu mwenye kitu cha kuusia kulala masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Na sahaba Saad bin Abi Waqqas alipokuwa mgonjwa akataka kutoa sehemu kubwa ya mali yake, Mtume alimpunguzia hata thuluthi, na akamwambia kwamba thuluthi nayo ni nyingi. Wala hapana wasia kwa mrithi ila warithi wenziwe waridhie.

Tazameni sasa jinsi sharia inavyomfaa yule mpwa. Penye wana, mwana wa dada si mrithi. Kwa hiyo yafaa kuusiwa. Tuseme mzee ameacha Shilingi 13,000,000. Maziko na madeni ni 1,000,000, zimebaki 12,000,000. Wasia wa mpwa, ukifika thuluthi kamili, ni 4,000,000. Zilizosalia ni 8,000,000: mke apata thumni, yaani 1,000,000, na 7,000,000 ni za wana wawili wa kiume na mabinti watatu, kila mwanamume 2,000,000 na kila binti 1,000,000. Aliyetunza amekumbukwa, mjane amepata haki yake, na mabinti hawakutupwa. Karatasi moja ingalitosha.

Katika karatasi hiyo aseme wazi ya kuwa yeye ni Mwislamu na ataka mirathi yake igawanywe kwa sharia ya Kiislamu; maana huko bara mahakama hutazama maisha ya mtu na nia yake kabla ya kuamua kufuata dasturi au dini. Na mashahidi wawe waadilifu wasiorithi. Kanuni za dasturi za mwaka 1963 zataka mashahidi wawili kwa ajuaye kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na wanne kwa asiyejua. Basi ni busara kuzitimiza nazo, ili pasiwe na mlango wa fitina.

Nne, mwana amtunzaye babaye asiahidiwe wasia wa siri. Mzee aweza kumpa ujira wa kazi yake mwezi kwa mwezi, au kumpa hiba na kumkabidhi angali mzima, huku akiwafanyia uadilifu wana wote, kwani Mtume alimkataza babaye Nuuman bin Bashir kumpendelea mwana mmoja kwa kipawa. Wala asigawe yote akabaki kuomba ukoko katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Na hiba itolewayo katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia.

Tano, jambo wasilolijua wengi: wakala hukatika mwenye mali apotewapo na akili. Mwana aliyepewa uwakili wa kuuza hana tena uwakili siku ile babaye asipomtambua, na dole gumba la mzee wa namna hiyo likikamatwa na kugandamizwa juu ya waraka ni dhuluma. Hapo ni juu ya mahakama kumweka msimamizi. Kwa hiyo mzee na aandike mapema ni nani amwaminiye kuisimamia mali yake, na ni wapi ataka kukaa na kutunzwa.

Wako wasemao kwamba kuandika wasia ni kujitakia mauti. Hasha! Ajali imekwisha andikwa, wala kalamu yako haiisogezi mbele wala nyuma.

Na ninyi wana, msiseme kwamba Serikali itawalisha wazee wenu. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi Shilingi 20,000 kwa mwezi, nalo ni jambo la kushukuriwa. Walakini haliiondoi faradhi iliyo shingoni mwa mwana mwenye uwezo kwa mzazi asiye nacho. Sura ya Al-Israa, aya ya 23, imekataza hata neno dogo la kuchoka nao. Sembuse kumwacha mzee mlimani peke yake na baridi, kisha kushindana juu ya shamba lake?

Ewe Mola wetu, tuhifadhie akili zetu hata tutimize haki za watu. Warehemu wazazi wetu, wape subira wawatunzao, wala usiifanye mali yetu kuwa sababu ya kukatana udugu baada yetu. Amin.