Siku Haina Dhambi

Watu wengi hupenda kukusanya mambo makubwa yaliyotokea tarehe moja katika miaka mbalimbali, wakayapanga pamoja, kisha wakauliza: Je, siku hii ina siri gani? Kuyakusanya hakuna ubaya. Tarikhi ni shule, na mwenye kuisoma hupata mazingatio. Ubaya umo katika lile swali la pili. Mtu akishaamini kuwa siku ina siri, haikawii siku hiyo kufanywa ndiyo mtendaji, na watendaji wenyewe wakasahauliwa. Tumeonelea tulitazame jambo hili kwa mfano ulio mlangoni petu hapa Isebania.

Mfano huo ni tarehe 1 Julai. Siku hiyo, mwaka 1890, wajumbe wa Uingereza na Ujerumani walitia saini mapatano mjini Berlin. Kwa mapatano hayo Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland kilichoko bahari ya kaskazini, na Uingereza ikapata himaya ya Zanzibar. Ndani yake ukathibitishwa pia mstari uliokwisha kupatanwa mwaka 1886: utoke baharini kwenye mlango wa mto Umba, upite kwenye ziwa Jipe, uzunguke chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha uende moja kwa moja hadi ziwa Victoria. Mstari huo ndio uliopita katika nchi ya Wakuria. Ndugu wakawa wa upande huu na wa upande ule, na leo Isebania iko Kenya na Sirari iko Tanzania, nayo ni miji miwili ambayo mtu huivuka kwa miguu.

Tarehe hiyo hiyo, mwaka 1895, serikali ya Uingereza ilishika rasmi mjini Mombasa utawala uliokuwa mikononi mwa kampuni yake ya biashara. Mwaka 1960 Somalia ikawa dola huru siku hiyo, na mwaka 1962 Rwanda na Burundi zikapata uhuru wao. Ilipoingia 1 Julai 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa imekwisha vunjika. Mwaka 2007 Rwanda na Burundi zikaanza uanachama wao katika Jumuiya mpya; na 1 Julai 2010 likaanza kutumika Soko la Pamoja, lenye ahadi kwamba watu, bidhaa na kazi vitavuka mipaka kwa wepesi. Basi siku iliyotukata ndiyo iliyotuahidi kutuunga, baada ya miaka 120 kamili.

Mwenye kupenda maajabu atasema: Hamuoni? Siku hii ina jambo! Nasi twamjibu kwa hoja tatu.

Ya kwanza ni hesabu. Tukizitazama siku hizo mbili kwa kalenda yetu ya mwezi, ile ya 1890 iliangukia Mfunguo Pili wa mwaka 1307, na ile ya 2010 iliangukia Rajabu ya mwaka 1431. Hazikutani kwa siku wala kwa mwezi, na baina yao si miaka 120 bali ni 123 na miezi kadhaa. Kama siri ingekuwa katika siku yenyewe, isingalipotea kwa kubadilisha kalenda ukutani. Kinachokutana ni hesabu ya watu tu.

Ya pili ni desturi ya maofisi. Mwaka wa fedha wa serikali zetu huanza 1 Julai. Jumuiya ya kwanza ilifikia mwisho wa mwaka wa fedha bila ya wakubwa kuafikiana juu ya bajeti yake, ndipo ikakatika pumzi. Na si ajabu serikali zilizozoea kufungua daftari mpya mwezi wa Julai kuziweka shughuli zao mpya mwanzo wa mwezi huo. Tusitafute nyota pale penye karani na kalamu yake.

Ya tatu ni Rwanda na Burundi. Wako watu waaminio kuwa waliozaliwa siku moja nyota yao ni moja. Nchi hizi mbili zilizaliwa siku moja, kutoka kwa mtawala mmoja, na lugha zao zasikilizana. Lakini Rwanda iliingia katika uhuru ikiwa jamhuri, na Burundi ikabaki na mfalme hadi 1966. Burundi ikaona mauaji makubwa mwaka 1972, Rwanda ikaona maangamizi ya 1994. Damu ilimwagika kote kuwili, lakini kila mahali ilimwagwa na watu waliokusudia, kwa amri zilizotolewa na kwa chuki iliyofundishwa. Je, tuwaambie mayatima wa nchi hizo kwamba ni nyota ya Julai?

Dini yetu imelimaliza jambo hili zamani. Alipofariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume (Rehema na Amani zimshukie), jua lilipatwa siku hiyo hiyo mjini Madina, katika mwaka wa 10 wa Hijra. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Hapakuwa na nafasi bora kuliko hiyo kwa mtu atakaye kutukuzwa kwa maajabu: angenyamaza tu, wangeamini. Lakini Mtume, naye yumo katika huzuni ya mwanawe, alisimama akawafahamisha kwamba jua na mwezi ni alama katika alama za Mungu, wala havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. Mambo mawili yalikutana siku moja, naye akakataa kuyafunga pamoja. Baada ya hayo, vipi Mwislamu ataahirisha safari kwa kuambiwa siku ni nuhusi, au atakunywa kombe Jumatano ya mwisho wa Mfunguo Tano kwa kuikimbia shari ya siku hiyo?

Huenda msomaji akatuuliza: Je, hatuna Ijumaa, siku ya Arafa, na usiku wa Lailatul-Kadri? Tunazo, na fadhila zake ni za kweli. Lakini fadhila hizo zimekuja kwa mafundisho, hazikuvumbuliwa kwa kulinganisha matukio. Tena kila moja imekuja pamoja na kazi: sala, saumu, dua, sadaka. Mwenye kulala siku hizo haamki na thawabu za waliokesha. Tazama Ashura, siku ya kumi ya Muharramu. Ndiyo siku aliyookolewa Musa na watu wake kutokana na Firauni. Na ndiyo siku aliyouawa Husein, mjukuu wa Mtume, huko Karbala mwaka 61 wa Hijra. Utukufu wa siku haukuzuia panga za madhalimu, wala dhuluma yao haikuuondoa utukufu wa siku. Kila mtu atajibu kwa alilolitenda ndani yake.

Hapa ndipo penye faida kwetu sisi wa mpakani. Mazungumzo yetu yamezoea kuutupia mwaka 1890 kila ila. Kweli, dhuluma ilikuwako: waliokaa Berlin hawakumuuliza Mkuria hata mmoja. Lakini baada ya vita vya kwanza vya dunia Mwingereza alitawala pande zote mbili, na mstari ukabaki. Mwezi wa Julai 1964, mjini Kairo, viongozi wa Afrika huru waliamua wenyewe kuiheshimu mipaka waliyoikuta. Februari 1977 Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, usifunguliwe hata Novemba 1983. Na ugomvi ule ulikuwa wa Waafrika kwa Waafrika. Hata magomvi ya koo na wizi wa ng'ombe, mara ngapi yametokea baina ya watu walio upande mmoja wa mstari? Anayelaumu tarehe hupata raha ya bure, kwa kuwa tarehe haimjibu wala haimtaki abadilike.

Na hiyo 1 Julai 2010 nayo tusiifanye hirizi. Ahadi iliyoandikwa haijivukishi mpaka yenyewe. Chini ya taratibu za Jumuiya, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za nchi wanachama zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti chepesi cha kuonyesha bidhaa zimetoka wapi, na hatozwi ushuru wa forodha. Mama auzaye nafaka asiyelijua hili atapita njia ya panya usiku, na huko atalipa zaidi kwa wasio na haki ya kulipwa. Basi ni nani aliyemnyima haki yake? Si Berlin peke yake. Yumo ajuaye asimfundishe. Yumo mwenye cheo anayeuza mlango uliofunguliwa bure. Na yumo tajiri anayejificha nyuma ya wanyonge ili apitishe magendo yake.

Kwa hiyo kila 1 Julai inapotufikia, tusiishie kuhesabu yaliyotukia. Tuulize ni nani aliyetenda, kwa haki au kwa dhuluma, na sisi tumetenda nini tangu ile ya mwaka jana. Mwenye elimu ya taratibu za forodha amfundishe jirani yake, awe wa dini yetu au asiwe. Mwenye mizani aipime sawasawa kwa mtu wa Sirari kama ampimiavyo mtu wa Isebania. Na mwenye kushika muhuri wa serikali akumbuke kuwa ameshika amana. Siku itapita kama zilivyopita nyenzake, haina dhambi wala thawabu. Vitakavyobaki ni vitendo vyetu. Na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu.