Mwana wa Chuoni na Bendi ya Shule

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mzee mmoja wa hapa Ujiji, mvuvi, alinijia ameshika karatasi iliyotoka shule ya sekondari. Yasema kwamba mwanawe, aliyeingia kidato cha kwanza, achague fani moja ya jioni: bendi, ngoma au kwaya. Akaniambia, "Sheikh, kijana huyu amehifadhi juzuu kumi mbele yako. Nipe neno moja tu, halali ama haramu, nami nitamwambia." Nikamjibu, "Bwana, karatasi yako ina mambo matatu, nawe wataka jibu moja." Akadhani nakwepa. Basi nimeandika hapa niliyomwambia, kwani najua karatasi kama ile imeingia katika nyumba nyingi.

Ewe ndugu msomaji, ukifungua Minhaj ya Imam Nawawi, mlango wa ushahidi, utaona kwamba wanazuoni wetu hawakulitia jambo hili katika kapu moja. Dufu ni halali katika arusi na tohara, na katika mengineyo pia kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hata likiwa na njuga. Ngoma waliyoiharimisha kwa jina ni kuba, nayo ni ngoma ndefu yenye kiuno chembamba. Udi na zumari waliviharimisha kwa kuwa vilikuwa alama ya wanywaji. Ama filimbi ya mchunga, Imam Rafi'i aliiruhusu, na Nawawi akasema kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa ni haramu. Tazama! Hao ni maimamu wawili wa madhehebu moja, na kitabu cha huyu ni muhtasari wa kitabu cha yule, na juu ya kipande cha mwanzi wakahitilafiana. Hapana aliyemtoa mwenziwe katika dini.

Basi ngoma kubwa ya bendi, na ngoma za Waha na za jirani zetu Warundi, si kuba, kwani hazina kiuno hicho. Kuzipiga katika sherehe ya shule sioni uharamu wake. Ama tarumbeta, mimi naliingiza katika mlango wa zumari, kwani lapulizwa kwa ajili ya furaha kama lile. Na apigaye ngoma katikati ya matarumbeta hukusudia kuyasikiliza, wala si kama mpita njia aliyefikiwa na sauti. Kwa hiyo bendi nilimkataza. Anayefuata kauli nyepesi kuliko hii simlaumu, kwani lililohitilafiwa na wanazuoni halina ugomvi.

Ilibaki kwaya, nayo ndiyo iliyomtisha mzee zaidi, kwa kuwa neno lenyewe lanuka kanisa. Sikukanusha. Hata wimbo wa taifa letu, ambao watoto wetu huuimba kila asubuhi wakisimama mstarini, sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika ya Kusini, aliyekuwa pia kiongozi wa kwaya. Je, tuwazibe watoto midomo? Sauti haina dini. Maneno ndiyo yenye dini. Kijana akiimba sifa za nchi, au kilimo, au mawaidha ya kujikinga na maradhi, ameimba la halali. Akipewa wimbo wa kumnasibishia Mwenyezi Mungu mwana, na anyamaze, hata kama ni katika sherehe tu na wala moyo wake haukuamini.

Na sauti nzuri si aibu. Mtume (s.a.w.) alimsifu Abu Musa al-Ash'ari kwa kisomo chake, akaifananisha sauti yake na zumari katika mazumari ya watu wa Daud. Na siku ya Idi vijana wawili wa kike waliimba nyumbani kwa Bibi Aisha, na Abu Bakari alipowakemea Mtume alimwambia awaache.

Hapa mzee aliniuliza swali ambalo ndilo kiini cha waraka huu. Alisema: "Nami nikikataza yote matatu, nimepoteza nini? Si bora kujihadhari?"

Nilinyamaza kitambo, kwani swali hilo nilikwisha kulijibu vibaya. Zamani, ndevu zangu zingali nyeusi, nilikuwa na mwanafunzi mwenye pumzi ndefu na makharija safi, ambaye shuleni walimtia katika kwaya. Sikumwuliza waimba nini. Nilimsimamisha mbele ya wenziwe nikamwambia kwamba kinywa kimoja hakichukui Kurani na nyimbo, na achague. Akachagua siku ileile. Akatoka chuoni asirudi, na baada ya muda nikasikia kwamba hata sala ameiacha. Nilisema haramu pasipo haramu, na huku najua kwamba katika Sura ya Nnahl Mwenyezi Mungu amewaonya wanaosema kwa ndimi zao hili halali na hili haramu. Kujihadhari kwangu nilikulipa kwa dini ya mtoto wa mtu.

Abdallah bin Umar alipoisikia filimbi ya mchunga alijiziba masikio, akapotoka njia, na kila mara akimwuliza Nafi'i, "Wasikia?" Kwa kisa hicho wengine hushika uharamu, na wengine husema: mbona hakumwamrisha Nafi'i ajizibe naye? Mimi nachukua adabu yake. Mtu ajikaze nafsi yake kwa uchamungu atakavyo; ama mwenziwe, na hasa kijana, amtake lile aliwezalo kwa hukumu iliyo wazi.

Wala sisemi kwamba hapana la kuogopa. Babu zetu waliona beni ilivyoenea katika miji ya Waislamu baada ya vita vya 1914 hata 1918, vyama vya Marini na Arinoti vikishindana kwa mavazi, vyeo na karamu. Madhara hayakutoka katika ngozi ya ngoma. Yalitoka katika ushindani, watu wakatumia wasichokuwa nacho ili wasishindwe. Na leo shule zashindana kwaya na ngoma katika UMISSETA, watoto husafiri na kulala mbali na kwao, wa kike na wa kiume. Baba aulize nani msimamizi, na watoto walala wapi, na mavazi ya jukwaani ni yapi. Maswali hayo yana faida kuliko kuuliza kama ngoma ina kiuno.

Kisha sala. Kwetu huku magharibi ya nchi Alasiri huingia baada ya saa kumi, wakati uleule wa mazoezi, na Magharibi karibu na saa moja. Kijana akipitisha Alasiri kwa ajili ya kwaya, kwaya hiyo imekuwa haramu kwake, wala hatuhitaji kufungua kitabu.

Mzee alikwenda akarudi na kijana mwenyewe, nasi tukamwuliza. Alitaka kwaya. Tukakaa barazani watatu sisi, tukamwandikia mwalimu mkuu barua kwa heshima, tukataja Ibara ya 19 ya Katiba inayompa kila mtu uhuru wa dini yake, tukaomba robo saa ya Alasiri na kwamba asilazimishwe wimbo wa ibada isiyo yake. Kijana ndiye aliyeiandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Jibu hatujalipata hata leo, na mazoezi yaanza Jumatatu. Nimemwambia aende, na kilemba cha mswala akitie katika mkoba wa madaftari. Wallahu aalam.