Ukuta Kabla ya Mtu Kuanguka

Andiko: Kumbukumbu la Torati 22:8



Ukiwauliza wazee wetu hapa Mkomani kama wamepimwa presha, wengi watakujibu, "Mimi si mgonjwa, mwanangu. Niende kutafuta nini?" Na mama mmoja wa maombi ataongeza, "Kwenda kupimwa ni kuualika ugonjwa. Mimi namwamini Mungu." Hilo la pili si la kucheka. Je, anayepimwa kabla ya kuugua amepungukiwa na imani?

Fungua andiko letu. Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba, aizungushie dari yake ukuta mdogo, asije mtu akaanguka, nyumba ikabeba hatia ya damu. Sisi wa Lamu tunaelewa upesi, maana kwenye nyumba za mawe watu hupanda juu jioni kupunga upepo. Angalia mambo mawili. Kwanza, ukuta unajengwa wakati hakuna aliyeanguka. Mungu anayetuma malaika watulinde ndiye huyo huyo aliyeamuru ukuta. Pili, agizo hakupewa anayetembea juu ya dari. Alipewa mwenye nyumba.

Presha haiumi wala haipigi hodi, mpaka siku mzee anaamka upande mmoja umepooza. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Mimi nilisomea biashara, na hakuna mwenye duka anayengoja rafu ziwe tupu ndipo ahesabu mali. Deni usilolijua linazaa riba sawa na lile unalolijua.

"Lakini pasta, niliombewa nikapona." Amina! Katika Luka 17 Yesu aliwatuma wale wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ndio waliokagua ngozi. Uponyaji wa kweli hauogopi kukaguliwa. Kwa hiyo ukiombewa, usitupe dawa. Rudi upimwe, na daktari ndiye aamue kama dawa ipunguzwe.

Sasa, mwenye nyumba ni nani? Wazee wengi wa kanisa hili walitoka Mpeketoni, Tana River, Kilifi na bara, na hapa kisiwani sisi ni wachache. Mzee aliyezoea Kigiriama, Kipokomo au Kikuyu anafika dirishani, anaulizwa maswali haraka haraka, anaitikia "ndiyo" kwa kila kitu, halafu harudi tena. Tusimwite mkaidi. Amejiona mgeni tu. Kumhubiria aende, nasi tubaki nyumbani, ni kumpandisha juu ya dari isiyo na ukuta.

Ndugu zetu Waaweer wa msitu wa Boni wamepitia miaka ambayo dispensari zao zilifungwa kwa kukosa usalama. Sisi hospitali ya King Fahd tunayo hapa hapa kisiwani. Tena Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii kama laki moja nchini, wenye vifaa vya kupima presha na sukari nyumba kwa nyumba. Tutasema tulizuiwa na nini?

Siahidi kwamba kupimwa kutaongeza siku za mtu. Siku zetu ziko mikononi mwa Bwana. Hata mwenye ukuta atakufa siku yake. Lakini asife kwa sababu sisi tulikuwa wavivu wa kujenga.

Kazi ya wiki hii, vijana: chagua mzee mmoja. Tembea naye polepole, keti naye kwenye benchi, mfafanulie kwa lugha yake anachosema daktari. Akikataa, usimburute, ni mzazi wako. Msikilize, omba naye, halafu rudi wiki ijayo umuulize tena.

Mungu awabariki.