Aliyepigwa Picha Naye Aione

Picha ya mtu ni mali ya nani? Ni ya aliyeshika kamera, ya aliyesimama mbele yake, au ya yule atakayeitazama baadaye akiwa mbali? Hapa kambini swali hili si la darasani. Wageni wenye kamera wanakuja, wanapiga picha kwenye bomba la maji, kwenye foleni ya mgao, shuleni, zahanati. Tunaweka saini kwenye fomu, au dole gumba kwa asiyejua kuandika, kisha gari linaondoka. Wengi wetu tumepigwa picha mara nyingi kuliko tulivyowahi kuziona picha zetu.

Nataka tulijadili swali hili tukianzia mbali, kwa Waingereza wa kawaida wakiwa pwani kwao. Nimechagua huko makusudi. Tumezoea kufikiri kwamba maskini anayepigwa picha na mgeni lazima awe Mwafrika, na mwenye kamera lazima awe Mzungu. Lakini Wazungu nao wamepigana picha wao kwa wao, wakagombana kwa ajili yake, na ugomvi wao unatuhusu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, kijana mmoja aitwaye Tony Ray-Jones alizunguka miji ya pwani ya Uingereza akipiga picha nyeusi na nyeupe za watu wakiwa likizo. Hakuna kubwa linalotokea ndani yake. Watu wamekaa karibu na bahari na makoti yao, wanakunywa chai, wanasinzia vitini. Alikufa mwaka 1972 akiwa na miaka 30 tu. Waliomfuata walijifunza kwake kwamba siku isiyo na vita wala sherehe nayo inastahili filamu.

Mmoja wao ni Martin Parr. Kati ya 1983 na 1985 alipiga picha New Brighton, mji mdogo wa pwani karibu na Liverpool, kwenye mdomo wa mto Mersey. Zamani ulikuwa mji wa starehe, lakini wakati huo bandari ya Liverpool ilikuwa imedorora na watu wengi hawakuwa na kazi. Hata hivyo siku ya jua familia zilikwenda kupumzika. Parr alitumia filamu ya rangi, akawasha flashi hata mchana, kwa hiyo kila kitu kinaonekana wazi mno: mapipa yaliyofurika takataka, watoto wenye aiskrimu inayowatiririka mikononi, watu wanakula chipsi wakiwa wamebanana. Katika picha moja mwanamke amejilaza juu ya sakafu ya zege aote jua, na pembeni yake kuna katapila. Kitabu chenye picha hizo, The Last Resort, kilitoka mwaka 1986.

Parr mwenyewe ameeleza kwamba picha hizo zilipoonyeshwa Liverpool hazikuleta kelele. Watu wa pale waliijua New Brighton, wakaona mambo waliyoyazoea. Zilipofika London ndipo wakosoaji walipochachamaa. Eti amewadhalilisha maskini, eti amewacheka watu wa tabaka la chini.

Hebu tusimame hapo kidogo. Sisemi kwamba wakosoaji hawakuwa na hoja. Flashi ile ina ukali, na mtu akila chipsi hafikirii kwamba mdomo wake utaning'inizwa ukutani London. Lakini angalia nani alikuwa anabishana na nani. Mpiga picha alizungumza, wakosoaji wakazungumza. Yule mwanamke wa pembeni ya katapila je? Wanaomtetea na wanaomwonyesha wote wanazungumza juu yake, na yeye hayumo kwenye mazungumzo. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

Hii sisi tunaijua vizuri. Kuna wakati mashirika yalipenda picha ya mtoto analia, inzi usoni. Siku hizi wengi wamebadilika, wanasema wanataka picha zenye heshima: mama anatabasamu, ameshika mche wa mchicha. Nashukuru kwa mabadiliko hayo, kusema kweli. Lakini anayeamua leo nitabasamu ni yuleyule aliyeamua jana nilie. Jirani yangu mmoja aliambiwa na ndugu yake aliyeko ng'ambo kwamba ameonekana kwenye kalenda, amebeba dumu la maji, anacheka. Picha ilikuwa nzuri, anasema ndugu yake. Yeye mwenyewe hajaiona mpaka leo.

Utasema, lakini alitoa ridhaa, fomu ipo. Basi tumwangalie mpiga picha wa pili, Chris Killip, ambaye habari yake inaonyesha ridhaa inavyopatikana. Kaskazini-mashariki mwa Uingereza kuna ufuo unaoitwa Lynemouth. Bahari ilikuwa inatupa makaa ya mawe mchangani, mabaki ya mgodi wa jirani. Watu waliingia majini na farasi na mikokoteni, wakayazoa, wakayauza. Waliishi hapohapo, kambi yao ikiwa ya nyumba za magurudumu. Killip alijaribu kuwapiga picha mwaka 1976, wakamfukuza. Walimshuku kuwa mpelelezi wa ofisi ya serikali inayotoa posho kwa wasio na kazi, kwamba amekuja kuona nani anapokea posho na huku anauza makaa.

Jamani, nani kati yetu hauelewi woga huo? Mgeni mwenye daftari akiuliza una mbuzi wangapi, unajiuliza kama kadi yako ya mgao itakatwa.

Killip alirudi tena na tena. Alikubaliwa mwaka 1982 tu, baada ya mtu mmoja aliyewahi kukutana naye kwenye gulio la farasi la Appleby kumtambua. Kisha akatafuta nyumba ya magurudumu yake, akawa anaishi nao. Yaani miaka sita ilipita kati ya kuomba na kukubaliwa. Sisi tunaombwa na kukubali ndani ya dakika tatu, tukiwa tumesimama kwenye foleni, na anayeomba amekuja na gari lilelile lililoleta mahindi. Mtu anaweza kukataa hapo, ndiyo, hakuna atakayempiga. Lakini anajiuliza kukataa kwake kutakumbukwa siku gani. Saini ya namna hiyo inamlinda mwenye fomu kuliko mwenye sura.

Je, basi kila mpiga picha akae miaka sita? Haiwezekani, na wala siombi hivyo. Nadhani kuna kitu rahisi zaidi, na tunakiona kwa mpiga picha wa tatu. Tom Wood aliishi New Brighton kuanzia 1978, katika mji uleule wa Parr, na alikaa pale kama miaka 25. Alipiga picha watu kwenye mabasi, sokoni, ufuoni, na ndani ya ukumbi wa dansi. Watoto walimwita Photie Man, maana yake yule bwana wa picha. Alikuwa anawapa watu nakala za picha zao. Kesho yake anakutana nao tena barabarani, na kama picha haikuwafurahisha watamwambia usoni.

Killip naye alifika hapo kwa njia ya huzuni. Katika kijiji cha wavuvi cha Skinningrove alipiga picha vijana wakisubiri boti na wakiangalia bahari. Baadaye mmoja wao alikufa maji. Mama yake akamwuliza Killip kama anazo picha za mwanawe. Alikuwa nazo, akampa. Picha ambazo kwa watu wa makumbusho zilikuwa sanaa, kwa mama yule zilikuwa mtoto wake. Na hapo ndipo unaona kwamba deni lilikuwepo muda wote, hata kabla hajauliza.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali la mwanzo. Picha ya mtu inaweza kuwa ya mpiga picha, na hata ya mtazamaji, lakini si haki mpaka aliyepigwa awe mmoja wa watazamaji. Awe na nafasi ya kusema hii ndiyo mimi, au hii siyo. Wapiga picha wetu wa hapa kambini, wale wanaozunguka harusini na kanisani siku ya Jumapili, wanaishi kwa sheria hiyo bila kuisoma popote: hujaleta picha, hujalipwa.

Kuna pingamizi mbili ninazozichukulia kwa uzito. Ya kwanza ni hatari. Yule mama wa Skinningrove hakuwa amemkimbia mtu. Baadhi yetu tumekimbia watu wenye majina, na picha inaweza kufika kwao. Kwa mtu kama huyo kuletewa nakala hakutoshi, sura yake isitoke kabisa. Lakini hata hilo atalijua vizuri zaidi mwenyewe akiiona picha kabla haijatoka. Unaweza kuficha uso ukasahau ukuta wa nyuma unaotaja jina la kijiji.

Ya pili ni gharama. Zamani za filamu ilikuwa kazi kweli. Mkanda wa kawaida ulikuwa na picha 36, ukiisha unapelekwa kusafishwa kwenye chumba cha giza, kisha karatasi, kisha nauli ya kurudi. Mpiga picha mwenyewe hakujua amepata nini mpaka wakati huo. Kwa hiyo, Wood na Killip walipowapa watu nakala, walitoa jasho na pesa. Leo picha inaonekana palepale nyuma ya kamera. Inaweza kutumwa kwa simu ya jirani kabla gari halijawashwa. Wa filamu walirudisha ilipokuwa ngumu. Wa leo inawawia rahisi na hawarudishi, basi kinachokosekana si pesa.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, najua baadhi yenu mnasoma jarida hili, na najua wengi mna nia njema. Ombi langu ni dogo. Kwenye ile fomu ongezeni mstari mmoja tu: picha hii nitaiona lini, na nitaionea wapi? Mkiweza kuujaza mstari huo, pigeni. Mkishindwa, wekeni kamera chini tunywe chai. Na sisi wenzangu wa bloku, kabla ya kuweka dole gumba, tuwaulize hivyohivyo, kwa adabu, lakini kwa sauti ya kusikika.