Ridhaa ya Mzee Mgonjwa

Tumeulizwa katika darasa letu swali ambalo si dogo: Je, ni haki mwanafunzi wa uuguzi kujifunza kazi yake kwa mwili wa mzee asiyejiweza?

Wako wanaojibu upesi kwamba si haki, na wanafunzi wajifunze kwa sanamu. Jawabu hili lapendeza masikioni, lakini halisimami. Sindano ya kwanza ni wajibu ipigwe kwa sanamu, hatubishi. Lakini sanamu haina ngozi ya mzee, ambayo hupasuka kwa kuvutwa shuka tu. Mzee huweza kupungukiwa na maji mwilini asione kiu. Huweza kushikwa na nimonia wala mwili usipande joto, akaanza kupayuka, na watu wa nyumbani wakasema, "Ni uzee huo." Mwuguzi aliyefunzwa hujua kuwa akili iliyokuwa timamu juzi haizeeki kwa usiku mmoja, hutafuta maradhi, hutazama dawa alizopewa, huuliza kama mkojo umezuilika. Mambo haya hayajulikani barabara ila kwa kukaa na wazee wenyewe.

Basi mwenye kutaka mwuguzi hodari kwa mamake, na huku hataki mwanafunzi amkaribie, ataka nini? Ataka wazee wa watu wengine ndio wawe darasa. Nao twawajua: ni mafakiri waliolala wodini bila ya mtu wa kuwasemea. (Na wengine katika sisi huwakataza binti zao kazi hii, kisha hulalamika kuwa wodini hakuna ajuaye adabu zetu.)

Kujifunza, basi, hakuna budi. Lililobaki ni ridhaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima. Lakini wazee wetu wa pwani wana ukarimu. Ajaye kitandani huambiwa, "Karibu, mwanangu," hata kama moyo hautaki. Neno hilo ni la kumpokea mgeni, si idhini ya kufunuliwa nguo. Mwanafunzi aseme waziwazi kuwa yeye ni mwanafunzi, ataje atakalofanya, kisha aulize, "Au wapenda afanye mwalimu wangu, babu?" Swali la namna hii humfungulia mzee mlango wa kukataa bila ya kuona haya. Akikubali kuoshwa, pazia livutwe, na kifunuliwe kiungo kimoja kimoja, vingine vikae katika sitara.

Na aliyepigwa na kiharusi, asiye na ulimi wa kukubali wala kukataa? Twaona asifanyiwe na mwanafunzi ila lile ambalo lazima lingefanywa kwa manufaa yake, kama kumgeuza kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulala, na mwalimu awe papo hapo. La kujifunza tu, asiguswe. Na kama mkono wake ulio mzima utausukuma mkono wa mwanafunzi, ahesabiwe amekataa. Mwanafunzi amfunike, aondoke, na amrudie baada ya alasiri amwulize tena.