Siku Saba za Kungoja

Walawi sura ya 14 ina sheria ambayo wengi tunaipita haraka. Mtu akiona madoa ya kijani au mekundu ukutani mwa nyumba yake, aende mwenyewe kumwarifu kuhani. Kuhani ataikagua, ataifunga siku saba, kisha atarudi kutazama kama doa limeenea.

Lipo pia doa lisiloonekana kwa macho, la ndani ya chakula. Mapema mwaka 2018, watoto wa kituo kimoja cha malezi huko Soweto, Afrika Kusini, waliugua tumbo. Katika jokofu la kituo wakaguzi walikuta poloni, ile soseji nene ya bei nafuu. Nyayo zikawafikisha kwenye kiwanda kimoja cha Polokwane, na tarehe 4 Machi waziri wa afya akatangaza chanzo cha listeria, bakteria aliyeua watu zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga wengi. Madaktari walikuwa wameshaona wachanga wakiugua tangu katikati ya 2017. Miezi yote hiyo watu waliendelea kula poloni hiyo.

Listeria huzaliana hata kwenye baridi ya jokofu, na mtu huweza kuugua wiki kadhaa baada ya kula, asikumbuke alikula nini. Maabara nayo huiotesha kwanza ndipo iithibitishe, kazi ya siku kadhaa, pengine wiki nzima. Hapo ndipo ninapomshukuru Mungu kwa wanaotafiti chembe za nano, ndogo kuliko unene wa unywele mara maelfu. Chembe za oksidi ya chuma huvikwa kingamwili zinazomnasa bakteria, kisha sumaku humvuta kutoka kwenye maziwa au nyama iliyosagwa na kuchanganywa na maji. Chembe za dhahabu, ambazo kwa udogo huo huwa nyekundu, huchora mstari kwenye kikaratasi cha kupimia bakteria huyo akiwapo. Jibu huweza kuja kwa saa badala ya siku. Maabara bado inahitajika, kwa kuwa vipimo vya namna hii huweza kumhesabu hata bakteria aliyekwisha kufa.

Lakini yule mwenye nyumba wa Walawi alikwenda kwa kuhani kwa miguu yake, akijua nyumba inaweza kubomolewa. Kikaratasi hakina miguu. Anayeogopa hasara anaweza kukitupa pipani pamoja na mstari wake.

Wiki hii tuwaombee watafiti. Na tumwombee kwa jina la Bwana msimamizi wa kiwanda atakayeuona mstari huo jioni, lori likiwa limeshapakiwa, ili apate ujasiri wa kulishusha.