Kijana Aitwaye Mzee



Huenda umewaona. Ni vijana wawili, shati jeupe na tai, kifuani kibao cheusi chenye jina. Watembea kwa miguu katika jua la mchana mitaani Dar es Salaam au Nairobi, wala hawatengani. Ukiwauliza majina yao, mmoja atakwambia kuwa yeye ni Mzee Fulani, na yule mwenziwe naye ni Mzee Fulani. Na Mzee huyo ana miaka 19! Mabibi zetu wakilisikia hilo hucheka mpaka wakajifuta machozi, kwani kwetu uzee hautolewi kwa barua. Mtu huupata kwa mvi, kwa wajukuu na kwa misiba aliyozika.

Hao ni wahubiri wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Kanisa lao lilianzishwa Marekani mwaka 1830 na Joseph Smith, likapata kibali nchini Kenya mwaka 1991 na Tanzania mwaka 1992, na mwaka 2000 kitabu chao kikatoka kwa Kiswahili. Itikadi zao siziingilii leo, na tofauti iliyopo baina yao na sisi haihitaji darubini kuonekana. Ninalotaka tulifikiri pamoja ni jambo jingine: ni nani apasaye kumfundisha mwenziwe dini? Je, ni haki kwa kijana ambaye hajaoa, hajalea wala hajazika, kuupiga hodi mlango wa mtu mzima na kumwambia kwamba njia anayoiendea siyo?

Kwanza tuwatendee insafu. Maisha yao si ya starehe. Kwa desturi yao huamka saa 12 na nusu asubuhi, husali na kusoma, kisha hutoka, na saa 4 na nusu usiku taa huzimwa. Mvulana huhudumu miezi 24, msichana miezi 18. Hawalipwi mshahara, fedha za matumizi huwa ni akiba yao wenyewe na mchango wa jamaa zao. Hawatazami sinema wapendavyo wala hawana uchumba kwa muda wote huo. Mpaka mwaka 2019 hata kuzungumza na mama zao kwa simu ilikuwa ni mara mbili tu kwa mwaka, na siku nyingine ni barua. Tangu hapo wameruhusiwa kila wiki. Pombe hawanywi, tumbaku hawavuti, na hata chai na kahawa ni haramu kwao. Kila mwezi wana siku ya kufunga, na kila mwaka hutoa sehemu moja katika kumi ya pato.

Nakuuliza, msomaji: kijana wako wa miaka 19 aamka saa ngapi?

Lakini hapa ndipo panapotaka uangalifu, kwa sababu moyo wa mwanadamu hutekwa upesi na mtu anayetaabika. Twamwona kijana ametoka jasho kwa ajili ya Mungu wake, twasema moyoni: huyu hawezi kuwa amekosea. Hapo twachanganya mambo mawili. Na kwa kulipambanua jambo hili hatuhitaji kwenda mbali; twende Ngumbo.

Ngumbo iko ufukoni mwa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga. Ni nchi ya muhogo na ya usipa walioanikwa mchangani, na upepo wa mwera unapovuma mtumbwi haushushwi majini. Ukanda wote huo, pamoja na Liuli yenye mission kubwa ya Waanglikana, ulihubiriwa na kijana mmoja Mwingereza aitwaye William Percival Johnson. Alizaliwa mwaka 1854, akasoma Oxford, na mwaka 1876 akafika Unguja akiwa na miaka 22 tu, chini ya Askofu Steere wa ile jumuiya iliyoitwa UMCA. Baada ya miaka michache akalifikia ziwa. Mwenzake aliyefuatana naye, Charles Janson, alifariki mwaka 1882 mara tu walipofika. Meli ya mission iliyoanza kazi ziwani katika miaka hiyo ikapewa jina lake. Rafiki yake mwingine, Chauncy Maples, alizama ziwani mwaka 1895, mwaka ule ule aliotawazwa uaskofu. Johnson mwenyewe jicho moja lilipofuka na la pili likadhoofika. Alibaki. Alitembea kijiji kwa kijiji kwenye mchanga ule, alijifunza lugha za watu wa ziwa na kuzitafsiria Biblia, mpaka alipofariki mwaka 1928, akazikwa Liuli. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 50 tangu akanyage Unguja.

Sasa tumweke kando yake kijana wa pili, naye ni wetu. Mus'ab bin Umair (r.a.) alikuwa kijana wa nyumba ya kitajiri Makka, mwenye kuvaa vizuri na kunukia manukato. Aliposilimu mama yake alimfungia, kisha akamkatia kila kitu. Mtume (s.a.w.) alimchagua kijana huyo, kabla ya Hijra, aende Madina kuwafundisha watu Qur'ani, na akafikia nyumbani kwa As'ad bin Zurara. Alipouawa Uhud hakuwa na sanda ya kumtosha; walipomfunika kichwa, miguu ilitoka nje, wakaifunika kwa majani.

Hao ni watatu: yule wa shati jeupe, yule wa Liuli na Mus'ab. Wote watatu waliacha nyumba za wazazi wao, na wote walikubali dhiki. Wala haiwezekani wote watatu wawe wa kweli katika yale wanayopingana. Ama Mungu ni mmoja asiyezaa, ama sivyo. Basi, kama dhiki ingekuwa ndiyo mizani ya ukweli, mizani hiyo ingeonyesha uzito ule ule kwa maneno yanayokanushana, na mizani ya namna hiyo hainunuliwi sokoni. Dhiki ya mhubiri yathibitisha jambo moja tu: ya kwamba yeye mwenyewe anaamini asemayo. Si haba, kwani twawajua wahubiri ambao hata hilo hawana, nao wamo katika dini zote, na misikitini mwetu pia wamo. Mtu anayeamini asemayo astahiki kusikilizwa. Kuaminiwa ni jambo jingine.

Kuna kamba nyingine inayofungwa shingoni mwa watu, nayo ni ya shukrani. Mfikirie Muislamu mvuvi wa kandokando ya ziwa. Mkewe ashikwa na uchungu usiku, naye ampeleka hospitali ya Liuli, hospitali ya kanisa. Wampokea, wamzalisha, na hakuna amwulizaye anaswali wapi. Akirudi nyumbani na mtoto mikononi, je, ana deni? Naam, anayo. Asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu, mafunzo hayo tumeyapata kwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Lakini deni la hisani hulipwa kwa hisani: kwa neno jema, kwa mbasa wabichi watatu aliowavua, kwa kumtetea jirani yake Mkristo anaposengenywa. Imani siyo fedha ya kulipia kitanda cha hospitali. Na yule mwenye hospitali akiidai imani kuwa ndiyo malipo, basi ameziharibu zote mbili, dawa yake na dini yake.

Wazee wetu walilionja hilo katika skuli. Wapo watoto wa Kiislamu waliobadilishwa majina ili wapate dawati. Hilo lilijulikana bara na pwani, na ni moja katika malalamiko yaliyokuwapo kabla serikali ya Tanzania haijazitwaa skuli za mission kwa sheria ya mwaka 1969. Mtoto wa miaka saba aliyeingia Abdallah akatoka na jina jingine hakuhubiriwa, alinunuliwa.

Nimeandika hayo, na kalamu yanidai niandike na la upande wa pili, hata kama baadhi ya wasomaji watakasirika. Kabla ya Johnson kufika ziwani, jina la Uislamu lilikwisha fika. Liliwafikia watu wa ziwa pamoja na misafara ya Kilwa. Majumbe wa Nkhotakota, upande wa magharibi, ambao wa kwanza wao alitoka pwani kwetu, walikuwa na msikiti na walimu, na walikuwa na majahazi yaliyovusha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo kwenda ufuko wa mashariki. Livingstone aliyaona hayo mwaka 1861. Tuwe wakweli: Mnyasa ambaye dada yake alivushwa katika jahazi la mtu aliyeswali sala tano, angeisikia vipi adhana? Wako wasemao kwamba watu wa ufuko ule walikwenda kwa Wazungu kwa sababu ya kanzu na sukari. Mimi sisadiki. Nadhani walikwenda kwa sababu kijana yule alikuja bila mnyororo, katika nchi iliyokuwa imechoshwa na mateka na mashambulizi ya Wangoni. Sisemi kwamba Wazungu hawakuleta minyororo yao baadaye. Waliileta, na mwaka 1906 Wajerumani waliwatundika Songea mashujaa wa Maji Maji, Nduna Songea miongoni mwao. Nasema tu kwamba ubaya wa mwenzako haufuti wako.

Na linganisha na Wayao. Kwao Uislamu ulienea mno mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, bila meli ya mission wala fedha kutoka ng'ambo. Uliletwa na walimu wa kawaida, wengi wao Wayao wenyewe, waliokwenda pwani wakarudi na msahafu, wakakaa kijijini, wakaoa hapo, wakalima hapo, wakafundisha watoto alif na be chini ya mwembe. Watu waliwajua. Walijua wakikopa hulipa, na wakigombana na wake zao hufanyaje.

Hapa ndipo ninapoliona jawabu la swali letu, kwa kadiri ninavyoliona. Ujana hauna kosa. Mus'ab alikuwa kijana, na Muadh bin Jabal (r.a.) alipotumwa Yemen alikuwa kijana. Tazama Mus'ab alifanya nini siku Usaid bin Hudhair alipomjia na mkuki mkononi, amemkasirikia kwa kuwaharibu watu wake. Hakumbishia. Alimwomba aketi asikilize. Likimpendeza alikubali, lisipompendeza wao wangeondoka. Usaid akaona hiyo ni haki, akauchomeka mkuki ardhini, akaketi. Kijana yule alikuwa na kitu ambacho wazee wengi hawanacho: aliuacha mlango wazi nyuma ya yule aliyekuwa akimwita, aweze kutoka apendapo. Hakuna kulazimishana, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 256, na sharti hiyo yatufunga sisi kabla ya kumfunga mgeni.

La pili ni kukaa. Kijana wa shati jeupe ana miezi 24, na hata katika hiyo huhamishwa mtaa hadi mtaa. Amejifunza Kiswahili cha kueleza, na mara nyingi kukieleza vizuri. Kiswahili cha kusikiliza kinataka muda zaidi. Atawezaje kukwambia kwamba nyumba yako ina ufa, naye hajalala ndani yake msimu mmoja wa mvua? Lakini ngoja usimcheke, kwa kuwa nasi tunao wa siku 3, wa siku 40 na wa miezi 4. Ndugu zetu wa tabligh wana ikhlasi, hubeba sufuria zao na kulala msikitini, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Walakini Muislamu wa Ngumbo huwaona wakija na huwaona wakiondoka. Mtoto wake asomeshwe na nani wiki ijayo? Ni kijana gani wa Tanga au wa Unguja, aliyehitimu chuo, atakayekubali kwenda kula ugali wa muhogo ufukoni Nyasa miaka kumi, bila gari wala mwandishi wa habari wa kumpiga picha? Johnson alikuwa na njia yake na sisi tuna yetu, lakini kwa jambo hili moja, la kubaki, mimi namwonea haya.

Basi wakija kwako wale vijana wawili, usiwatoe mbwa wala usizime taa ukajifanya hupo. Adabu ya hodi twaijua: mara tatu, na asiyekaribishwa arudi zake, nao watarudi. Ukiwa na nafasi wakaribishe barazani. Watume (s.a.w.) wetu aliwapokea Wakristo wa Najran ndani ya msikiti wake, nawe huna msikiti mtukufu kuliko ule. Wasikilize mpaka wamalize, wala usiwavunje maneno. Kisha uwaambie wakusikilize nao, kwa muda ule ule, uwaeleze waziwazi unaamini nini na kwa nini. Waulize pia mama zao hali gani. Chai usiwapikie, kwao ni haramu. Wape maji ya mtungini.